Koti la Kazini Kwenye Theluji

Juzi nilimwona mwanamke amepiga magoti kwenye theluji akimfunga mwanawe viatu, nikakumbuka alasiri ile mama aliponipeleka kuteleza kwa skii kwenye kilima kimoja nje ya mji wa Buffalo.

Hatukuwa na nguo za mchezo ule. Mimi nilivaa suruali mbili za kaka yangu, moja juu ya nyingine, na mama alivaa koti lake la kazini, la ghala la nyama ya barafu, lenye mistari inayong'aa. Viatu tulivyokodi vilikuwa vigumu, vikinuka soksi za watu, na hatukujua vinafungwaje.

Bibi mmoja Mzungu akamsogelea mama, akamnyooshea mguu. "Nisaidie," alisema. Alidhani mama ni mfanyakazi wa pale.

Nilingoja mama akasirike, lakini alipiga magoti. Bibi akamwonyesha kwa kidole pa kubana, mama akavuta vyuma vya kufungia kiatu, vikalia ta, ta, ta. Watoto wa darasani kwetu, waliokuja kuteleza pia, walikuwa wakitazama. Niliona mama amejidhalilisha, nikatamani theluji inifunike.

Akanigeukia akicheka, akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. "Bon, haya, sasa nimejua vile inafungwaka. Leta mguu."

Leo naelewa kwamba mwalimu wa skii alilipiwa kando, na mama alikuwa amejipatia somo lake bure. Siku ile sikuelewa. Nilimpa mguu, lakini niligeuza uso pembeni, ili wale watoto wadhani ni mfanyakazi tu, ananihudumia na mimi.