Togwa ya Mzee Yeremia

Nikiikumbuka Jumamosi ile ya kijijini kwetu Ihanda, mwanangu, mashavu bado yananiwaka. Mwingereza ndiye aliyetawala, nami nilikuwa msichana niliyebatizwa juzi tu. Gauni langu jeupe la ubatizo nililivaa hata kwenda kisimani, basi ujue kichwa kilivyonivimba! Nilikuwa kiongozi wa waimbaji.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Jirani yetu Mama Nzunda, mjane asiye Mkristo, aliita watu wamlimie shamba la ulezi. Desturi ilikuwa mkimaliza kulima, mnapewa pombe. Nikawakataza wenzangu: "Penye pombe hatuendi." Wakristo wengine nao wakatuiga. Tukampita shambani tukienda mazoezini kanisani, tunaimba, yeye na vikongwe wawili wameinamia majembe. Kama asingepanda wiki ile, wanawe wangelala njaa mwaka mzima. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mlangoni pa kanisa tukamkuta Mzee Yeremia, mzee wetu wa kanisa, jembe begani.

"Tabita binti yangu, njiani mmeimba wimbo gani?"

"Wa kumpenda jirani, baba."

"Na huyo jirani mmemwacha wapi?"

Akaufunga mlango. "Mazoezi ya leo ni shambani."

"Na pombe je, baba?"

"Nani kakwambia unywe? Mke wangu amepika togwa, tamu na hailevyi. Twende."

Tulilima mpaka jua likazama, wimbo ule ule, gauni langu likawa rangi ya udongo. Mama Nzunda alionja togwa yetu, akacheka. "Kumbe dini yenu tamu hivi! Mbona mlikuwa mnaificha?"

Ulezi ukapandwa wote. Mwaka wa tatu akaja kanisani mwenyewe, bila kuitwa. Najivunia siku ile kuliko nyimbo zote nilizoongoza, wala sioni haya kusema.

Leo nasikia vipaza sauti vya makanisa Tunduma nzima, na vijana mnaniuliza mbona watu hawaji. Mwanangu, ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Usinywe usichotaka kunywa, lakini shamba la jirani usilikimbie. Beba togwa yako uende.

Mungu akujalie sauti nzuri, na viganja vyenye sugu.