Bandi kwenye Bandeji

Fundi wa magauni ya harusi aliingia kliniki siku ya tisa baada ya upasuaji, mkono wa kulia kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mkasi ulimponyoka akikata satini, ukamkata kano ya kidole cha shahada. Daktari aliiunganisha, na mtaalamu wa mazoezi akamwagiza akikunje kidole kwa mkono wa pili, taratibu, kila saa. Kidole kikikakamaa, kazi ya miaka ishirini imekwisha.

Mtaalamu alianza kufungua bandeji, akasita.

"Mama, nyuzi hizi za nani?"

Fundi aliinamisha uso. Alikuwa ameipiga bandi bandeji nzima, mishono mirefu ya kushikizia, ya mkono wa kushoto, iliyokwenda upogo, ili kidole kisitikisike. Wateja wote aliwaambia hivyo hivyo: mshono mbichi hauvutwi.

"Dada! Umejishona kama pindo la sketi!" alisema mdogo wake aliyemsindikiza.

"Nyamaza wewe, mlinzi wa mayai."

Kweli mdogo mtu alifanya kazi maabara ya chuo, akichunguza vifaranga wanavyokua ndani ya mayai. Hakucheka.

"Nisikilize. Kifaranga hurusha miguu humo ndani kabla hajaliona jua. Tukimpa dawa ya kumlegeza asicheze, kano zake hutoka dhaifu. Kano hukomaa kwa kuvutwa kidogo kidogo. Yako inajijenga upya. Ukiituliza tuli, itagandamana na nyama za jirani."

"Na ikikatika?"

"Ukiivuta kwa nguvu itakatika," mtaalamu alijibu. "Ndiyo maana hatutumii nguvu."

Akakata bandi moja moja. Alikikunja kidole, kikagoma nusu njia. Fundi aliuma meno. Mara ya pili, kikagoma. Mara ya kumi kikakaribia kiganja.

"Sasa kishikilie hapo mwenyewe. Kama umeshika unyoya."

Mtaalamu akaachia.

Fundi alihisi kitu chembamba kikijivuta ndani ya kiganja, kama uzi unaopenya kitambaa kizito. Jasho lilimtoka. Alitega sikio, akingoja mlio wa kukatika. Kidole kilitetemeka, kikakaa pumzi moja, mbili, tatu, kisha kikateleza.

"Haikukatika?" alinong'ona.

"Haikukatika. Tena baada ya saa moja."

Fundi alimgeukia mdogo wake.

"Tega kengele kwenye simu," alisema. "Na usiniache peke yangu mpaka ilie."