Kaburi la Mumba kule Kasomeno

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka naona haya, kisha nacheka kwa furaha. Ni siku wakwe zangu walipokuja kwetu Naviundu kunichumbia, miaka ile ya Zaire, baba yangu akifanya kazi kwenye tanuru za shaba.

Baba mkwe aliniuliza kwa upole tu, "Mu nyumba hii muko batoto bangapi?"

"Tuko sita," nikajibu.

"Saba," mama akasema.

"Mama, ule wa kwanza alikufa angali bebe. Ule habamuhesabie."

Mama akaweka sinia chini, akatoka nje.

Wageni walipoondoka, shangazi yangu, dada ya baba, akanikalisha jikoni. "Mumba alikuwa na miezi saba. Homa ilimukamata mu njia ya kwenda Kasenga, bakamuzika Kasomeno. Kesho yake baba yako alipaswa kurudia ku kazi. Mama yako hajaona tena ile kaburi. Na leo weye unamufuta dada yako mbele ya bantu?"

Nililia, lakini machozi hayakutengeneza kitu. Nikamwomba mama msamaha, nikamwambia twende Kasomeno. Alikataa mara mbili. "Myaka yote hii? Tutakuta majani tu." Mara ya tatu akatoa sandukuni kikwembe chake kizuri, akajifunga kwa safari.

Tulipanda lori la wachuuzi wa samaki. Kule tukamuulizia Mama Chanda, yule aliyewapokea wazazi wangu usiku wa msiba. Alikuwa hai, mgongo umepinda. Alimtazama mama usoni.

"Weye ndiyo mama ya Mumba," akasema.

Akatuongoza hadi nyuma ya kanisa. Kaburi lilikuwepo, mwanangu! Dogo, limefagiliwa, limezungushiwa mawe meupe. Kila mvua zilipokwisha, Mama Chanda aling'oa majani na kupanga mawe upya, kwa kuwa hata yeye alikuwa amezika watoto wake wawili pale pale. "Nilijua siku moja utarudia," akamwambia mama.

Nilidhani mama ataanguka. Wapi! Alipiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake. Akaita jina la mtoto wake kwa nguvu, akacheza kuyazunguka mawe yale, na wanawake waliotoka sokoni wakamwitikia bila hata kuuliza kuna nini. Sijapata kumwona mama amesimama wima vile.

Basi sikiliza, mwanangu. Usiseme mtoto mchanga aliyekufa hakuacha historia, aliacha mama. Waulize wazazi wako ndugu waliokutangulia tumboni waliitwa nani na walizikwa wapi, uwaulize wakiwa bado wanaweza kujibu. Ukikosea, usiishie kuomba radhi, funga safari. Na kama kuna kaburi la mgeni karibu na kwako, ling'olee majani.

Mungu akujalie kuzeeka ukiwatazama watoto wako wakiota mvi.