Kadi Thelathini na Moja

Mimi ni fundi wa nguo za shule. Kibanda changu kiko Kanduyi, kando ya barabara inayoingia Bungoma mjini, na tepu haitoki shingoni mwangu hata nikienda kanisani. Mtoto akipita hapo nje naweza kukwambia kiuno chake bila kumgusa. Huyu ishirini na sita. Yule thelathini. Na huyo mwingine amevaa sketi ya dada yake. Sijisifu, ni kazi tu naijua.

Kwa hiyo siwezi kusema sikuona. Binti yangu alipokuja likizo ya Agosti, akiwa kidato cha tatu, sketi ilikuwa inamzunguka. Nikaipunguza inchi moja. Desemba nikaipunguza tena. Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, nikaipunguza mara ya tatu, na nikiwa na pini mdomoni nikamuuliza, "Wewe unakula kweli, ama unachezea chakula?" Akasema anakula. Nikakata uzi, nikapiga pasi, nikamkabidhi. Ilimkaa vizuri sana, kiuno inchi ishirini na nne.

Wiki ya pili ya muhula metroni wa shule akanipigia simu. Alisema msichana ameambia wenzake kwamba amechoka kuishi, na haikuwa mzaha. Nije nimchukue leo, si kesho.

Hospitalini daktari alikaa naye karibu saa nzima, kisha akaniita. Akasema binti ana msongo mkali wa mawazo, ni ugonjwa kamili, na ameubeba zaidi ya mwaka. Nilimjibu vibaya. "Mawazo? Daktari, nani hana mawazo? Huyu nimemlea peke yangu tangu babake afariki, na sijalazwa hata siku moja!" Aliningoja nimalize. Akaniambia kuna makao karibu na Kitale yanayochukua vijana wa rika lake, wanaishi huko miezi tisa, kumi, wakitibiwa, na kama angekuwa mtoto wake yeye angempeleka. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali.

Nilimpeleka Februari. Na Jumapili ya wiki hiyo hiyo nikadanganya.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hakuwa na ubaya wowote. Aliniuliza tu, "Msichana anaendelea aje na shule?" Nikasikia mdomo wangu unasema nimemhamisha, yuko bweni Kitale, shule nzuri, walimu wakali. "Shule gani?" Badala ya jina nikampa rangi: sweta ya kijani, sketi ya kijivu. Fundi akidanganya, hudanganya kwa kitambaa. Wiki iliyofuata nikashona sketi ya kijivu nikaitundika kibandani, ati ya akiba ya binti. Wateja waliisifu.

Makao yenyewe ni nyumba ndefu za mabati katikati ya mahindi. Vijana wanaamka, wanatandika, wanakamua ng'ombe, wanakaa kikundi na kuongea, kila mmoja ana saa yake na mshauri, halafu wana vipindi viwili vitatu vya masomo. Simu hakuna. Wazazi ni Jumamosi moja kwa mwezi. Mara ya kwanza nilienda na kuku wa kuchoma amefungwa vizuri, maana sisi huku hatuendi kuona mtu bila kuku. Mlinzi akanizuia langoni. "Mama, chakula cha nje hakiingii." Nikamwambia, "Wewe! Nije kuona mtoto wangu mkono mtupu kama polisi?" Kuku akabaki langoni, na sidhani kama aliiona jioni.

Miezi mitatu binti yangu hakunitazama usoni. Tulikaa tu, mimi nikiongea habari za soko, yeye akichuna kucha. Mwezi wa sita akaniambia kuna ng'ombe amempiga teke akaangukia ndoo ya maziwa, na katikati ya kusimulia akacheka. Kicheko chake kabisa, kile cha zamani. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia kwa furaha mpaka nikaona aibu.

Mshauri wake, mama mmoja mpole asiye na haraka, kila nikija aliniuliza, "Nyumbani wanajua yuko wapi?" Na kila mara nilimjibu, "Wanajua yuko Kitale." Nilijiona mjanja.

Oktoba ikafika, msimu wa maombi ya watahiniwa. Wenye mtoto wa kidato cha nne wanajua: siku hiyo watoto huitwa mbele ya kanisa na kalamu zao, rula zao, kila kitu kinaombewa. Mtoto akiwa bweni, mzazi husimama na kalamu kwa niaba yake. Jina la binti yangu likasomwa. Nikasimama. Nikaenda mbele na kalamu mpya mkononi, nikafumba macho kuliko wote. Mungu anisamehe, hata nilisema amina kwa sauti.

Baada ya ibada akina mama wakanipa kadi za saksesi, zile za kumtakia mtahiniwa heri, zenye maua, na zingine ukizifungua zinaimba. Kadi thelathini. Na yangu niliyonunua na kuandika upesi upesi pale pale, thelathini na moja.

Ningeweza kuzitia moto. Lakini niliziangalia nikafikiria: akiona watu wote hawa wamemkumbuka, atajua anapendwa. Nikazifunga kwenye mfuko nikazipeleka Kitale. Ndiyo, mimi, na akili zangu timamu.

Alizifungua moja moja kwenye chumba cha wageni. Mbili zilianza kuimba zikakataa kunyamaza, zikaimba hapo mezani huku yeye akiendelea kufungua zingine. Yangu ilikuwa ya mwisho. Aliisoma mara mbili.

"Hawa wote wanaombea nani?"

"Wewe. Si wewe?"

"Mimi sina mtihani, Mama. Mimi nilitaka kufa. Kuna hata mmoja hapa ameniombea hiyo?"

Hasira ikanipanda. Mimi nikiumia huwa nakasirika, ndivyo nilivyo. "Nilikuficha nikulinde! Unawajua watu wa Kanduyi wewe?"

"Hukunificha mimi," akasema, tena polepole. "Ulijificha wewe." Akazipanga kadi, akazirudisha mfukoni. "Warudishie wenyewe. Na mimi nyumbani sirudi. Huko wanamngoja msichana mwingine."

Mshauri alinieleza nje. Binti alikuwa atoke mwisho wa Novemba, amepona vya kutosha kuendelea na dawa na kliniki akiwa nyumbani. Lakini hawatamlazimisha kurudi kwenye nyumba ambayo itabidi aanze kudanganya tangu siku ya kwanza, maana ugonjwa huu hurudi haraka mahali kama hapo. Hakunigombeza. Ningeona afadhali angenigombeza.

Nyumbani nilikaa na ule mfuko siku nne. Niliogopa, nasema wazi. Wateja wangu wote ni hawa hawa akina mama, na nilijua vile watu huongea kuhusu nyumba yenye mgonjwa wa akili, kwa sababu na mimi nilikuwa naongea hivyo hivyo.

Alhamisi akina mama walikutana kwa mwenyekiti. Chai ikamiminwa. Nikasimama kabla sijabadilisha nia, nikamwaga kadi mezani kati ya vikombe. "Msichana wangu hayuko shule. Yuko Kitale anatibiwa. Anaugua akili, alitaka kujiua, na mimi niliwaombesha uongo. Kadi zenu hizi."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Ati sisi tumefunga na kuomba siku tatu kwa mtihani ambao haupo?"

"Ndiyo."

"Wewe mama una roho ngumu, bana."

"Ninayo," nikamwambia.

Mmoja akasema hilo ni pepo, waende kule na kikundi cha maombi walitoe. Nikamjibu maombi sijakataa, lakini dawa zake haachi na huko hawaendi na kelele. Wawili walichukua kadi zao wakatoka bila kuaga. Wengine walipekuapekua mezani kama watu wanaotafuta viatu vyao mlangoni, kila mtu na yake, macho chini. Mwenyekiti alichukua yake mwisho. Akanishika bega, akauliza kama msichana anakula. Nikasema anakula. Akasema, "Basi." Nikaanza kulia hapo.

Nilipofika kwenye lango, mama mmoja ambaye hakuwa amesema neno alinifuata, akanishika kiwiko. "Hapo Kitale," akanong'ona, "wanachukua hata mtu mzima?" Nikamwambia hapana, ni vijana tu, lakini yule daktari wa hospitali atamwelekeza. Sikumuuliza ni nani wake. Wanaonijua hawataamini kwamba sikuuliza.

Wakati wa kuondoka nilikuwa nimeona kadi moja imebaki mezani. Ilikuwa yangu. Niliirudisha mfukoni.

Sikungoja Jumamosi ya mwezi mwingine. Nilimpigia mshauri simu, akaniruhusu, nikaenda Kitale. Nikamweleza binti yangu kila kitu, nani alisema nini, nani alitoka. Alitaka kusikia vizuri hasa hapo pa kufunga. "Siku tatu? Mwenyekiti? Na vile anapenda chai?" Akacheka. Nikadhani yameisha.

"Na yako iko wapi?" akauliza.

Nikaitoa.

"Soma."

"Si unajua nimeandika nini."

"Soma, Mama."

Juu palikuwa na maneno ya kiwanda, kila la heri katika mtihani wako. Chini, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika: *Mwanangu, usiniangushe.* Wazazi wote huandika hivyo. Nimeyaona maneno hayo kwa kadi za watoto wengi na sikuwahi kuyafikiria. Niliyasoma kwa sauti.

"Hizo zingine hazikuniuma," akasema. "Ni hii."

Nikamwambia, "Hata usifanye mtihani wowote tena maisha yako yote, nataka uje nyumbani. Nakutaka wewe. Nilikuona unakonda, nikapunguza sketi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliigeuza kadi mkononi, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Kisha akasimama, akainua mikono pembeni, vile nilivyomfundisha akiwa na miaka minne amesimama juu ya kiti kibandani.

"Nipime. Nishonee kitu cha kuja nacho nyumbani. Lakini si sketi."

Nikavua tepu shingoni. Nikapima kiuno mara mbili. Ishirini na saba.

"Kitambaa cha rangi gani?"

Akafikiria. "Sijui bado."

Mimi wateja wa namna hiyo huwa nawafukuza. Nikakaa chini, tepu mkononi, nikamngoja.