Nguo Zilizobana Siku ya Gwaride

Mji ule haukuishiwa na sherehe. Zimamoto wakipata gari jipya, gwaride. Daraja likipakwa rangi, gwaride. Watu wanavaa, wanapanga mstari nyuma ya matarumbeta, wanazunguka mji mzima na kurudi pale pale walipoanzia, wamechoka na wameridhika. Fundi alikuwa mgeni kwao, amekuja kujitolea kwa mwaka mmoja, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwashonea nguo za kuzungukia.

Si kwamba alikuwa na hamu ya kujitolea. Dada yake mkubwa ndiye aliyemwombea nafasi, akamfungia begi na kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege huku akimhubiria njia nzima. "Mdogo wangu, tangu shemeji atutoke umekuwa mtu wa kuwepo tu. Nenda ukaone watu wanaofurahi. Furaha inaambukiza." Fundi alisema sawa, maana kubishana na dada yake ni kazi ya kutwa. Lakini kwa hali aliyokuwa nayo, hata mafua yangemwambukiza kwa shida.

Akafika, akawaona hao wanaofurahi. Aliwatazama kutoka dirishani mwa ukumbi wa kushonea, pedali ikiwa chini ya mguu. Jioni mama mwenye nyumba, mstaafu wa posta asiyeweza kunyamaza, alimngoja mlangoni.

"Enhe, umeonaje leo?"

"Nzuri."

"Nzuri? Watu wametembea juu ya magongo marefu kama nyumba, wewe unasema nzuri kama umeonjeshwa chai!"

Fundi alitabasamu kwa adabu, akaenda chumbani, akakaa kitandani na viatu miguuni. Msidhani alikuwa na huzuni. Huzuni angalau ina uzito, mtu anaijua iko wapi. Yeye alikuwa amekufa ganzi tu. Alikula, alioga, alishona, na siku zikapita bila kumgusa.

Ndipo binti yake, mtoto wake wa pekee, akapiga simu kutoka nyumbani. "Mama, siku ya harusi imepangwa. Uje, na gauni unishonee wewe."

Kila mtu anajua mama anavyotakiwa kuipokea habari kama hiyo. Fundi naye alijua. Alitafuta kigelegele kooni, hakukikuta. "Tutaona, mwanangu," akasema. Simu iliyofuata, tutaona. Iliyofuata tena, tutaona. Alichokiogopa hakumwambia mtu: kwamba ataketi mbele ya wageni, mama mzazi wa bibi harusi, amekauka kama gogo, na mwanawe atamtazama siku ile na kukuta hakuna mtu ndani. Heri asiende kabisa.

Mwishowe binti alichoka. "Mama, nipe jibu wiki hii hii. Ukinyamaza nitajua hutaki. Kitambaa nitampelekea fundi mwingine."

Fundi alinyamaza. Ilikuwa wiki ya gwaride kubwa la mwaka, bendi nzima inataka makoti mapya na wachezaji wanataka magauni, kwa hiyo kisingizio hakikukosekana. Watu wote alishawapima zamani, mmoja mmoja, haraka, bila neno. Inua mkono. Geuka. Mwingine.

Siku ya gwaride wakamwambia atembee kando ya bendi, pengine kifungo kitamtoka mtu. Akachomeka sindano zenye uzi kwenye kola na kuwafuata. Kona ya kwanza walipoinua tarumbeta kwa pamoja, koti la mbele likasema kraa kwapani. La pili likaitikia. Akawakimbilia, akawa anashona huku anatembea ubavu ubavu, mkono mmoja umeshika kwapa la mtu. Nyuma yake zipu ya mchezaji ikaachia. Halafu ikasikika sauti ya mpiga ngoma kubwa, bwana mwenye tumbo la kutosha watu wawili.

"Fundi! Mgongo umeniacha!"

Watazamaji walivunjika mbavu. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Ulinipimaje wewe mama?" mpiga ngoma aliuliza, akipiga ngoma huku anashonwa. "Si ungesema nipumue? Nani asiyevuta tumbo mbele ya futi?"

Na fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nyumbani hakuwahi kumpima mteja kabla ya kumtupia utani. Mteja anacheka, tumbo linashuka, ndipo yeye anasoma futi. Marehemu mumewe alikuwa akisema watu wanafuata utani, nguo wanapewa kama nyongeza. Na sasa alikuwa amepima bendi nzima bila kumchekesha hata mmoja. Hata aibu hakuisikia. Alichofikiria ni kwamba huko nyumbani kuna mwanamke ameshika futi mbele ya mwanawe, na mwanawe amevuta tumbo.

Gwaride liliposimama uwanjani kwa ajili ya hotuba, alijitenga ukingoni mwa barabara na kupiga simu.

"Mama? Uko wapi, mbona kelele?"

"Huyo fundi amekupima?"

"Amepima na amekata. Nilikusubiri, mama. Hukusema kitu."

Iliuma. Ilimwingia chini ya mbavu, akashika nguzo ya taa. Alimwonea wivu yule mwanamke asiyemjua, wivu wa kutosha kumkaba.

"Nilikuwa naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Nitakuja nikae tu, mwanangu. Sisikii kitu. Tangu baba yako."

Binti akasema kwa hasira, "Sasa nani alikwambia uje kufurahi? Mimi mwenyewe nitamlilia baba siku hiyo. Nilitaka tukae wote wawili, basi." Akavuta pumzi. "Na pindo hajashona. Nimemkataza asiliguse. Nimemwambia hilo lina mwenyewe."

"Nakuja," fundi akasema. "Nakuja kulishona."

Akalia pale pale barabarani, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata makaburini, sindano zikitikisika kolani. Watu wakageuka kumtazama. Mpiga ngoma akaiweka ngoma chini na kuja kumpigapiga begani, koti lake limefunguka mgongo mzima.

"Jamani fundi, usilie," akasema. "Makoti tu haya. Mwakani tutapumua."