Karata za Burji Kumi na Mbili

Karata zangu nilizichagua mwenyewe, asubuhi, mbele za watu, na sina ninachomficha mtu. Naanza na hilo kwa sababu mtaa wetu wote wa Dunda una hadithi yake. Wapo wanaosema nilipewa na jini, wapo wanaosema niliziokota ufukweni. Nilipewa na mgeni wa hoteli ninakochora hina Jumamosi, mama wa makamo aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao na begi halifungiki. Alipanga mezani pakiti tatu za karata za taroti, hizi ambazo kwao watu huzitumia kutazamia mambo yao, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza nichague moja.

Pakiti ya kwanza ilikuwa na paka watupu. Paka mfalme, paka padri, paka kwenye gari la farasi. Nikacheka. Ya pili ilikuwa na wanawake warembo na maua, nzuri ya kutundika saluni. Ya tatu ilijaa alama mpaka hapakuwa na mahali pa kupumzisha jicho: nguzo, nyoka, funguo, nyota, herufi za lugha nisiyoijua. Mwenyewe akanitahadharisha kwamba hiyo ni ngumu, inataka mtu aliyesoma, afadhali nianze na paka. Maneno hayo yaliniudhi. Ila hata kabla hayajaniudhi nilikuwa nimeshaona, pembeni mwa karata moja, alama ya nge, na nikaijua: Akrabu.

Niliijua tangu nina miaka saba. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kitabu cha falaki, elimu ya nyota, na ndani yake alama za burji zote kumi na mbili, yaani nyota za kuzaliwa, zimechorwa kwa wino mwekundu, kuanzia Hamali mpaka Hutu. Nilikuwa nikimpelekea kahawa, nachungulia, na babu hakunifukuza. Alipofariki, ami, ndugu yake baba, akarudi kutoka Tanga akakirithi. Nilimwomba nikitazame, mimi niliyehitimu Kurani kabla ya wanawe wote wa kiume. Akasema mwanamke hashiki kitabu hiki. Tangu hapo hesabu za nyota zikawa zinafanywa chumbani, mlango umefungwa, na sisi tunaletewa majibu.

Jibu langu lililetwa nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuja kuniposa kijana wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, na nilimtaka. Sitalipunguza neno hilo: nilimtaka. Kwetu posa ikija, jina la binti linajumlishwa na jina la mama yake. Kila herufi ina namba yake. Zikishajumlishwa zote, wanatoa kumi na mbili, kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota. Mwanamume naye vivyo hivyo. Ami akatoka chumbani na jibu: yeye Asadi, moto, mimi Akrabu, maji. Hatufai. Posa ikarudishwa. Baadaye nikaozwa kwa mtu ambaye nyota zetu zilipatana vizuri sana, na sisi wenyewe tukashindwa kupatana hata miaka mitatu.

Kwa hiyo nikachukua pakiti ya tatu.

Wiki ya pili mama mdogo akaziona mezani kwangu. Mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama aliyenizaa, dada yake, alifariki siku niliyozaliwa. Hakupiga kelele. Alivaa baibui lake akaenda kwa ami. Ijumaa, baada ya sala, ami akaja na kiberiti mkononi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Lete hayo makaratasi ya ushirikina tuyachome."

Nilikasirika, lakini nilizileta. Nikaketi kwenye mkeka barazani, nikazipanga moja moja zile zenye alama za burji, nikizitaja kwa sauti: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani. Majirani wakasimama. Nilipofika Mizani, ami alikuwa ameinama kutazama, kiberiti amekisahau.

"Nani kakufundisha?"

"Babu. Na kama hizi ni ushirikina, ami, kile kitabu chako ni nini?"

"Kile ni elimu."

"Kama ni elimu, tuisikie. Nipigie hesabu yangu hapa hapa, kwa sauti."

Nadhani ni majirani waliomponza. Hakutaka kuonekana ameshindwa. Akaanza. Alihesabu herufi za jina langu kwa vidole, taratibu, bila kubabaika. Kisha akataja jina la mama yangu akaendelea kujumlisha, na jina alilolitaja lilikuwa la mama mdogo.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, hata mimi. Mtaa mzima unamwita mama yangu, na mimi namwita mama. Ni yeye mwenyewe, amesimama mlangoni, aliyesema polepole, "Shemeji, huyo sikumzaa mimi."

Ami akavikunjua vidole. Akaanza upya, safari hii kwa jina la marehemu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Kumi na mbili, kumi na mbili, ikabaki tisa. Kausi. Moto, kama Asadi.

Nilitaka kulia, nikakataa. Yule wa Kiwangwa ana mke na watoto wakubwa, na sidai arudi. Wala sijui kama nyota zinasema kweli. Ninachojua ni kwamba nilinyang'anywa mtu kwa hesabu iliyokosewa chumbani, na mama mdogo angeruhusiwa kukaa mle ndani angeisahihisha siku ile ile. Ami akasema ilikuwa kadari. Nikamwambia asimsingizie Mungu makosa yake ya kujumlisha. Sijawahi kumjibu hivyo mtu mzima, na sijutii.

Alipoinuka kuondoka alininong'oneza kwamba mambo haya yabaki ya ndani. Ni wengi mjini hapa aliowahesabia. Kiberiti alikiacha kwenye mkeka, nacho nakitumia jikoni.

Karata ziko mezani kwangu, karibu na bakuli la hina, na sijawahi kumtabiria mtu. Lakini kila bibi harusi anayekaa mbele yangu, kabla sijamgusa kiganja, namuuliza, "Nyota yako walihesabu kwa jina la mama yupi?" Juzi mmoja alivuta mkono wake, akavaa viatu, akaenda kuuliza kwao.