Fundi Ntandu Alinituma kwa Kulwa

Usiku ule nililala nikiwa nimeshaandika ujumbe kwenye simu, bado tu kuutuma. Ulikuwa wa kwenda kwa mama yake Kulwa, nao ulikuwa mfupi: "Mama, nisamehe, kazi imenishinda. Pedi ya gemu nitairudisha kesho."

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Singida. Kulwa alikuwa fundi cherehani, msichana wa miaka ishirini na sita, hadi siku pikipiki ilipomrusha akitoka kununua vitambaa. Shingo iliumia. Tangu hapo miguu haikumtii tena, wala mikono, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyoweza kujikunja kidogo, kwa shida.

Ana pacha wake, Doto, mwanamume, fundi wa malori. Hao wawili tangu wadogo walikuwa na gemu yao ya mashindano ya magari. Kila Jumapili wakitoka kanisani walikaa mbele ya televisheni wakapigiana kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya ajali Doto aliendelea kuja na mashine yake ya gemu, akawa anacheza peke yake kando ya kitanda ili dada yake aangalie. Kulwa alivumilia miezi kadhaa. Jumapili moja akamwambia, "Usiiwashe tena humu ndani. Na wewe mwenyewe usijisumbue kuja kila wiki." Tangu siku hiyo akaanza kukataa na chakula.

Ndipo Doto alipokuja dukani kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na pedi ya gemu, kile kishikio chenye vitufe ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili.

"Dada Hadija," aliniuliza, "hii unaweza kuigeuza ikachezwa na mtu asiyeweza kuishika?"

Nilisema naweza. Niliifungua, nikalehemu nyaya kutoka kila kitufe, nikazipeleka kwenye vitufe vikubwa kama visosi nilivyovipanga juu ya ubao. Ilikuwa kazi safi, nami nilijisifu. Nikaupeleka ubao kwa Kulwa, nikauweka chini ya vile vidole viwili vya kushoto. Siku ya kwanza vilibonyeza mara nne vikachoka. Siku ya pili mara tatu. Siku ya tatu, Alhamisi, havikubonyeza kabisa, nami nikaushika mkono wake nikaugandamiza kwenye kitufe.

"Hivi, mdogo wangu. Jikaze kidogo tu."

Gari kwenye televisheni likaondoka. Nilikuwa naliendesha mimi, kwa mkono wake. Kulwa akafumba macho.

"Dada Hadija," alisema, "naomba unirudishie mkono wangu."

Nilibeba ubao wangu nikarudi nyumbani. Ndiyo siku niliyoandika ule ujumbe. Nikajilaza nikisema nitautuma asubuhi.

Nikajikuta niko kwenye duka letu la zamani, lile lililovunjwa barabara ilipopanuliwa. Mlango wa bati ulikuwa wazi, jua la asubuhi limeingia mpaka katikati ya sakafu, na ile harufu ya waya unaoyeyuka ilikuwepo. Fundi Ntandu amekaa mahali pake.

Huyu mzee amefariki, sasa ni mwaka wa nne. Ndiye aliyenipokea nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati mafundi wengine walikuwa wananiuliza kama nimepotea njia. Alinifundisha kuisikiliza redio kabla ya kuifungua. Mwaka wake wa mwisho kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, lakini aliendelea kuja dukani, nami nikamhudumia kama baba. Nilimnywesha chai. Nilimfunga vifungo vya shati. Pasi ya kulehemia niliisogeza mbali asije akajiunguza. Watu wa mtaani walinisifu, wakasema mzee amepata mtoto.

Kilichonishangaza ni kwamba mkono wake wa kulia bado ulikuwa umelala mapajani, vilevile kama alivyouacha. Nilidhani marehemu huko walikokwenda hurudishiwa viungo vyao. Lakini anafanya kazi. Ameibana redio katikati ya magoti, waya wa kulehemu ameuma kwa meno, pasi iko mkono wa kushoto, na moshi unapanda mwembamba, umenyooka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Hadija. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Nilisogea. Halafu nikaona pasi iko karibu na vidole vyake, nikakimbilia kuichukua.

"Acha," alisema, taratibu kabisa.

Sijui tulitokaje dukani. Tuko uani kwake, yeye amesimama ameegemea ukuta, mimi nipo mbele yake namfunga vifungo vya shati. Nafunga kimoja, chini yake kuna kingine. Nafunga hicho, kuna kingine. Shati haliishi. Najaribu kwenda haraka zaidi, na ninapoinua macho kumwomba radhi ndipo nauona mkono wake wa kushoto. Umeinuka nusu, umefika usawa wa tumbo, unakuja kwenye vifungo polepole. Mkono wangu unauwahi. Wa kwake unasimama pale hewani, kisha unashuka.

Unainuka tena. Nauwahi tena. Unashuka.

Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeuona. Mwaka ule mzima, kila asubuhi, mkono ule ulikuwa unainuka nusu na kushuka, nami nilidhani ni ugonjwa.

"Mzee," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mbali, "ulikuwa unaweza kufunga mwenyewe?"

"Sijui," alisema. "Hatukuwahi kujua, mimi na wewe. Hukuniuliza, nami niliona haya kusema."

Nilipiga magoti pale uani. Nililia jinsi ambavyo sikulia siku ya mazishi. Nilimwambia Mzee nisamehe, nilikunyang'anya, nilidhani nakusaidia. Nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Hadija, inuka. Sikuja kukusomea mashtaka. Nimekuja kusema ahsante, maana niliondoka sijasema. Marafiki zangu walikuwa wananisalimia kutoka mlangoni. Wewe uliingia ndani kila siku. Hilo silisahau."

Akanipa ule mkono wake wa kulia, yaani aliuinua kwa wa kushoto akauweka kwenye viganja vyangu. Una joto. Ni mzito, na una joto.

Nami nikiwa nimeushika, tuko chumbani kwa Kulwa. Mzee yuko kwenye stuli kando ya kitanda kana kwamba amezoea kukaa hapo. Kulwa yuko macho, hanioni. Ametazama dirishani, anageuza kichwa taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayesindikiza kitu kwa macho, kisha anakirudisha. Mzee anamtazama kwa upole sana, jinsi alivyokuwa akitazama redio iliyoletwa baada ya kila mtu kusema haitengenezeki.

"Nenda kamuulize," aliniambia. "Ukishauliza, nyamaza umsubiri."

Nilitaka kumuuliza mengine. Nilitaka kujua huko kukoje, kama anakula, kama anakutana na baba yangu. Mdomo ukatoa neno moja tu: "Nimuulize nini?" Lakini alikuwa ameshainama kwenye redio yake, anazungusha kitufe cha stesheni kwa kidole gumba cha kushoto, na mikwaruzo ikawa inapungua, inapungua, sauti ya mtu inaanza kutoka vizuri.

Niliamka kumekucha. Mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeulalia, umekufa ganzi mpaka begani. Nilijaribu kuchukua simu nao, ukaanguka kitandani kama wa mtu mwingine. Nikaichukua kwa wa kushoto. Ilinichukua muda mrefu kuufuta ujumbe ule, kila nikigusa nakosea, na nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyepokea barua aliyokwisha kukata tamaa nayo.

Sikungoja chai. Nilikwenda kwa kina Kulwa mikono mitupu, mama yake akashangaa kuniona mapema vile. Nikakaa kwenye stuli.

"Kulwa, jana nilikukosea. Nisamehe."

"Yameisha, Dada."

"Nina swali moja. Katika mwili wako, ni wapi ambapo ukipatumia kutwa nzima hapachoki?"

Nikanyamaza. Ukawa ukimya mrefu, wa kukera. Mama yake akafungua mdomo, "Mwanangu huyu hana…" nikamgusa goti, akaacha. Barabarani lori lilipita, na Kulwa akalifuata kwa macho hadi lilipokwisha dirishani.

"Kichwa," alisema. "Nashinda hapa nahesabu magari. Nageuka kulia, nageuka kushoto, kutwa. Hakijawahi kunichosha." Akafikiri. "Na bega hili." Bega la kushoto likapanda, likashuka, imara kabisa. "Mkono ule mlikuwa mnautaka ninyi. Mimi nilishaagana nao."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na ubao umeshautengeneza."

Nilitoa kalamu tukaanza upya, na safari hii yeye ndiye alikuwa fundi. Swichi moja ikae kila upande wa kichwa, apinde gari kwa kugusa kwa shavu. Nyingine ikae juu ya bega, iwe ya mafuta, ya kuongeza mwendo. Nilipoleta vibao vya plastiki alivikataa, akasema vitamchubua. Akamwelekeza mama yake namna ya kukata sponji na kuivisha kitenge, akataja vipimo bila kukosea hata kimoja, na mshono uliporudi umepinda akamrudisha akaufumue. Miaka yote niliyomjua mama yule sikuwahi kumwona anafurahia kugombezwa.

"Na breki tuiweke wapi?" nilimuuliza.

"Breki siitaki."

Tuliijaribu, tukaitoa, tukaijaribu. Swichi ya kushoto ilimkwaruza sikio, nikaishusha. Ya begani ilikuwa inabonyea hata akivuta pumzi, nikaikaza. Kila mara nilikuwa nauliza, kisha nakaa kimya, na kukaa kimya ndiko kulikonishinda kuliko kulehemu.

Jumapili iliyofuata Doto aliitwa aje na mashine. Alisimama mlangoni na mfuko wake, hajui aingie au asubiri. Kulwa akamwambia, "Unaogopa nini? Washa."

Gari lake lilitoka likaenda moja kwa moja kwenye ukuta. Likajinasua, likaenda kwenye ukuta wa upande wa pili. Nilijiona nainuka kwenda kumrekebishia swichi, nikajikalisha. Kulwa aliuma mdomo. Kichwa kikagusa kushoto, kidogo tu, kikaachia, kikagusa tena, na gari likaanza kunyooka. Alimaliza wa mwisho. Mara ya pili akamaliza wa mwisho tena, lakini safari hii alikuwa anampigia kelele Doto, "Ondoa hilo gari lako mbele yangu, we kobe!" na Doto naye anajibu kwa matusi ya utotoni ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama yao alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Alisimama mlangoni akasikiliza, hakutazama hata televisheni. Jirani alipogonga ukuta, mama aliketi chini palepale akaanza kulia, na wote watatu tukamwacha alie.

Mashindano ya nne Kulwa alimshinda pacha wake. Doto anaapa mpaka leo kwamba hakumwachia, nami namwamini, kwa sababu alinuna mpaka chakula kilipoletwa. Kulwa alikula sahani nzima, akaomba na mchuzi uongezwe.

Baadaye nimewatengenezea na watu wengine. Yuko baba mmoja anayecheza kwa kisigino, na binti anayecheza kwa kidevu. Siku hizi nikienda kwa mtu mara ya kwanza sibebi kitu chochote. Nakwenda kuuliza.

Jioni ile ya Jumapili, Doto alipotoka nje kupokea simu, Kulwa alinigeuzia kichwa.

"Dada Hadija, nani alikwambia urudi uniulize? Maana Alhamisi ulivyoondoka, nilijua ndiyo basi."

Nikamsimulia kama nilivyosimulia hapa, duka, shati, mkono uliokuwa unainuka nusu. Hakucheka. Aliuliza jina la mzee, nikamwambia. Akalitamka mara moja, polepole, kama anayetaka lisimtoke.

"Akija tena, mwambie Kulwa ameshukuru."

"Sijui kama atakuja tena," nilisema. "Tangu siku ile sijamwona."

"Basi ahsante nakupa wewe," alisema Kulwa. Kisha akamwita pacha wake kwa sauti arudi ndani, bado hawajamaliza.